Shajara ya mradi: kukagua na kusafisha dohani za nyumbani, Mikindani, Mtwara mjini na Newala

12 Mei 2025: Lengo na nyumba zilizochaguliwa

Nyumba nyingi za mkoa wetu hazina dohani, kwa kuwa chakula hupikwa uani na moshi hujiendea wenyewe. Zipo hata hivyo nyumba ambazo moto umeingizwa ndani: nyumba za mawe za Mikindani zenye tanuri za mikate, nyumba za mjini zilizojengewa majiko banifu ya kuni yenye bomba la bati, na baadhi ya nyumba za Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ambako baridi ya Juni na Julai huwafanya watu wautake moto karibu. Katika nyumba zote hizo nimeona jambo lilelile: dohani ikishajengwa haiangaliwi tena hadi siku moshi utakaporudi jikoni. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, nami nauunga mkono. Lakini anayewasha kuni leo anahitaji usalama leo.

Nimechukua nyumba tatu, moja katika kila eneo, na utaratibu ni kukagua kwanza, kusafisha baadaye, kisha kukagua tena. Ninasisitiza utaratibu huo kwa sababu masizi ni ushahidi. Unene wake, rangi yake na mahali yalipokaa hueleza kuni zilikuwa na hali gani, moshi ulipoa wapi na ukuta umepasuka wapi. Anayeanza na brashi huufuta ushahidi huo kabla ya kuusoma. Shirika la kukinga moto la Marekani, NFPA, katika kanuni yake namba 211, linataka kila dohani ikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka, na mafundi wa huko hushauri isafishwe masizi yafikapo unene wa milimita 3. Sioni sababu ya sisi kuridhika na pungufu ya hapo.

Kwa atakayefuata kazi hii, ni vyema aelewe kinachotafutwa. Kuni zisipoungua vizuri hutoa mvuke wa lami pamoja na moshi, na mvuke huo ukikutana na ukuta uliopoa, chini ya nyuzi 120 hivi za Selsiasi, huganda. Mabaki yake huitwa kreosoti. Mwanzoni huwa masizi makavu yanayopukutika kwa fagio. Yakizidi huwa magamba meusi. Yakiachwa kabisa huwa tabaka gumu linalong'aa, ambalo brashi hulipita bila kuling'oa. Tabaka hilo huwaka. Likishika moto, joto ndani ya dohani huweza kupita nyuzi 1,000.

24 Mei 2025: Zana

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi niliyopita Mtwara mjini sikupata brashi ya dohani, kwa hiyo zana zimetengenezwa hapahapa. Mwanzi mrefu uliofungwa makumbi ya nazi ulitoa masizi makavu, lakini ulishindwa kwenye kona kwa sababu haupindi bila kupasuka, na makumbi yaliyasugua magamba mpaka yakalainika badala ya kuyang'oa. Kamba yenye kipande cha chuma cha kilo 3, inayoshushwa kutoka juu pamoja na brashi, ilifanya kazi vizuri katika bomba la majaribio lililonyooka. Niliiacha nilipoona jinsi chuma kinavyoyumba na kugonga pembeni, maana ukuta wa mawe ya matumbawe hauwezi kustahimili kugongwa hivyo.

Kilichofaa ni bomba jeusi la plastiki la maji, la robo tatu inchi, la mita 12, lililogharimu shilingi 24,000. Linapinda kwenye kona na bado lina nguvu ya kusukuma. Kichwa chake kimetengenezwa kwa chelewa za mafagio ya uani, kila fagio shilingi 1,500, zikabanwa kati ya visahani viwili vya plaiwudi kwa boluti moja katikati na kukatwa ili zizidi upana wa dohani kwa sentimita 2 au 3. Chelewa kavu zilivunjika. Zilizolala usiku kucha kwenye maji zilipinda na kurudi. Huchakaa upesi, lakini kichwa kipya ni kazi ya nusu saa.

Turubai la kutandika mbele ya tanuri lilikuwa shilingi 15,000 na miwani ya kinga shilingi 8,000. Barakoa za kitambaa nimezikataa kabisa baada ya kuona weusi uliobaki puani, nikanunua za vumbi zenye chujio. Hili si jambo la kubania fedha. Mwaka 1775 daktari Percivall Pott wa London alieleza kuwa wasafisha dohani walikuwa wakipata saratani ya ngozi ya korodani kutokana na masizi, na katika nchi hiyohiyo watoto waliendelea kupandishwa ndani ya dohani hadi sheria ya 1875, iliyotungwa baada ya kijana George Brewster kukwama humo na kufa. Katika mradi huu hakuna mtoto anayeshika masizi wala kubeba ndoo yake, nguo za kazi hufuliwa peke yake, na fundi huoga kwa sabuni kabla ya kuketi kula.

14 Juni 2025: Ukaguzi wa Mikindani

Kazi ilisubiri Idi el-Haj ipite, kwa sababu mwenye nyumba, bibi anayeoka mikate ya kuuza, alikuwa na oda nyingi. Tanuri limejengwa chini. Dohani yake inapanda ndani ya ukuta wa mawe ya matumbawe, inapita nyuma ya chumba cha juu na kutokeza kwenye paa la mabati. Juu hakuna kofia.

"Mwanangu, mimi nataka moshi utoke tu," aliniambia. "Hayo mengine ya kupigapiga picha ni ya nini?"

Nilimwomba anipe saa moja, naye akakubali. Simu iliyofungwa kwenye ncha ya bomba la plastiki pamoja na tochi ndogo ilirekodi dohani nzima, na baadaye tuliitazama picha hiyo tukiwa wote wawili barazani. Mita za chini zilikuwa na masizi membamba ya kijivu, jambo la kawaida karibu na moto. Katikati palikuwa na magamba. Juu, pale dohani inapotoka kwenye paa na kupigwa na upepo wa bahari, palikuwa na tabaka linalong'aa, unene wa milimita 6 hivi. Maelezo yake yalipatikana kwenye rundo la kuni nje: matawi ya mikorosho yaliyokatwa karibuni, ambayo yalipopasuliwa yalikuwa bado na unyevu mkononi. Kuni zinapaswa kuwa na maji chini ya asilimia 20 ya uzito wake. Zilizokatwa jana huweza kuwa na nusu.

Jambo zito zaidi lilikuwa mahali palipoonekana pazuri. Chini ya masizi ya kijivu, mita moja hivi juu ya mdomo wa tanuri, jiwe lilikuwa jeupe kupita kiasi. Niliingiza mkono kupitia mdomo wa tanuri na kuligusa kwa bisibisi. Ncha ilizama sentimita 3 bila nguvu, na unga mweupe ukamwagika juu ya majivu. Jiwe la matumbawe ni kalsiamu kaboneti, ileile inayochomwa tanuuni ili kupata chokaa, na hugeuka kuwa chokaa likifikia nyuzi 900 hivi. Moto wa kuoka mikate haupeleki joto la namna hiyo kwenye dohani. Niliuliza kama dohani hiyo imewahi kuwaka.

Bibi alifikiri, akakumbuka usiku mmoja wa kuoka wa miaka iliyopita ambapo ukuta ulivuma kama ndege inayoruka, na cheche zikaanguka juu ya mabati ya jirani. Walidhani ni upepo. Moto ulikwisha wenyewe, asubuhi wakaoka tena, na moshi ulitoka vizuri kuliko kawaida kwa sababu kreosoti yote ilikuwa imeungua. Sehemu ya jiwe ikawa imeshakuwa chokaa. Mvua za msimu uliofuata ziliingia kwa juu, chokaa ikanywa maji na kuvimba, na viungo vikafunguka.

Jaribio la moshi lilithibitisha hilo. Tuliziba dohani juu kwa gunia lililoloweshwa, tukawasha majani mabichi ya mwembe ndani ya tanuri, tukafunga mdomo, na watu wote wakatoka isipokuwa mimi na msaidizi, madirisha yakiwa wazi. Katika chumba cha juu tulisogeza kabati kutoka ukutani. Nyuma yake uzi mwembamba wa moshi ulikuwa ukitoka kwenye ufa uliofunikwa kwa rangi ya ukutani, usawa wa mto wa kitanda. Chumba hicho hulala mjukuu wake, ambaye kwa muda mrefu amekuwa akilalamika kuumwa kichwa siku za kuoka.

Moshi angalau huonekana na kunukia. Kaboni monoksaidi, inayotoka katika moto uleule, haina rangi wala harufu, na hupita katika ufa huohuo hata moshi usipoonekana. Nilimweleza bibi kwamba tanuri lisiwashwe tena hadi ukuta utengenezwe na kwamba mtoto ahamishwe chumba usiku huo. Hakubishana. Tangu siku hiyo anaoka katika tanuri la jirani na kulipia kwa mikate, na gharama hiyo nayo ni lazima ihesabiwe katika mradi.

5 Julai 2025: Kusafisha na kubomoa

Magamba yalitoka kwa brashi ya chelewa bila shida, yakapokelewa kwenye turubai, yakawekwa katika ndoo ya bati yenye mfuniko na kufukiwa mbali na bustani baada ya kuhakikishwa kuwa hayana chembe ya moto. Tabaka linalong'aa lilikataa kutoka. Brashi ya waya ililikwaruza tu. Mnyororo mfupi uliofungwa kwenye ncha ya drili ulilipasua, lakini kila pigo lilidondosha pia mota ya zamani, yaani mchanganyiko unaounganisha mawe, kwa hiyo tuliusimamisha mara moja. Alitokea mtu akashauri tuwashe moto mkali liungue lote kwa siku moja. Nauandika ushauri huo hapa ili asomaye aukatae: huko ni kuichoma dohani kwa makusudi, na ndicho kilichouharibu ukuta huu.

Uamuzi uliobaki ulikuwa mmoja kwa matatizo yote mawili. Sehemu ya chini iliyogeuka chokaa na sehemu ya juu iliyofunikwa na tabaka zibomolewe na kujengwa upya, na sehemu ya katikati, iliyo nzima, ibaki. Tulitoboa ukuta kwa upande wa uani, si wa chumbani, tukatoa mawe yaliyooza kwa mkono. Mawe mengine yalisagika mshikoni.

26 Julai 2025: Kujenga upya, na saruji iliyopasuka

Matofali ya kuchoma yalinunuliwa kwa shilingi 300 kila moja, jumla 54,000 kwa matofali 180. Mistari ya kwanza ilijengwa kwa mota ya saruji ya kawaida na mchanga, kama waashi wengi wa hapa wanavyozoea. Baada ya moto mdogo wa majaribio viungo vilionesha nyufa za nywele, na baada ya moto wa pili ukucha uliweza kuingia. Saruji ya kawaida inapopashwa na kupoa mara kwa mara hupoteza maji yaliyoishikamanisha, ikalegea. Mistari hiyo ilivunjwa na kujengwa tena kwa udongo wa mfinyanzi uliochujwa na kuchanganywa na mchanga mwembamba, kwa viungo vyembamba visivyozidi milimita 5. Kiungo chembamba ndicho siri ya mota ya udongo. Kikiwa kinene, udongo husinyaa na kupasuka nao. Saruji tuliiacha kwa sehemu ya nje juu ya paa tu, ambako mvua ni adui mkubwa kuliko moto. Hasara ya saruji na siku za mwashi ilikuwa shilingi 62,000.

Tuliongeza mlango mdogo wa chuma chini ya dohani ili masizi yatolewe bila kuingia ndani ya tanuri, kwa shilingi 35,000. Kama fedha zingetosha kitu kimoja tu baada ya kuziba nyufa, ningechagua mlango huo, kwa sababu dohani isiyofunguka kwa urahisi haikaguliwi.

16 Agosti 2025: Jiko banifu, Mtwara mjini

Hapa dohani ni bomba la bati lililopakwa zinki, la inchi 4. Malalamiko yalikuwa kwamba moshi hurudi jikoni, tena si kila wakati. Swali lililofungua jambo lilikuwa la msimu: mama mwenye nyumba alisema hurudi wakati wa kusi na hutulia wakati wa kaskazi. Upande wa kusini kuna nyumba ya jirani yenye paa refu, na upepo ukiuvuka mgongo wa paa hilo huanguka juu ya mdomo wa bomba na kuusukuma moshi chini. Kanuni inayofuatwa Marekani ni kwamba mdomo wa dohani uzidi paa kwa sentimita 90 pale unapotokea, na uzidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3. Bomba hili lilikuwa limezidi mabati kwa shubiri mbili tu. Tuliliongeza urefu na kulifunga kwa waya tatu dhidi ya upepo. Joto la pwani nalo huongeza tatizo: moshi huvutwa juu kwa tofauti ya joto kati yake na hewa ya nje, na kwetu tofauti hiyo ni ndogo kuliko katika nchi za baridi, kwa hiyo urefu wa dohani unahitajika zaidi.

Kusafisha ndiko kulikotushughulisha. Ndani mlikuwa na utelezi mweusi unaonata, ambao haukufanana na kreosoti ya kuni. Nilipouliza kuhusu kuni, mama alinionesha gunia la maganda ya korosho, ambayo huwasha moto haraka na hupatikana kwa bei ndogo. Maganda ya korosho yana mafuta makali yanayobabua ngozi, yaleyale yanayowaharibu mikono wabanguaji, na yakiungua kwa hewa haba sehemu ya mafuta hayo hupanda na moshi na kuganda kwenye bomba. Msaidizi alipata vipele kwenye kiwiko pale glavu ilipoishia. Tuliyasugua kwa chelewa na majivu makavu, ambayo yalinyonya unato, na hatukutumia brashi ya waya kwa sababu hukwangua zinki na kuliacha bati wazi kwa chumvi ya bahari. Hata hivyo vipande viwili vya chini vilikuwa vimeshaliwa na kutu kiasi kwamba kidole kilitokeza upande wa pili, vikabadilishwa kwa shilingi 28,000. Maganda hayataingia tena katika jiko hilo; huyo mama ameniahidi, na nimemwandikia katika karatasi ya ukaguzi.

20 Septemba 2025: Newala

Kazi hii ilikuwa fupi. Dohani ya tofali ilikuwa imeachwa bila moto tangu Agosti, na kamera ilipopanda ilikuta masega ya nyuki. Mrina asali aliyatoa jioni kwa malipo ya asali yenyewe. Masizi yaliyobaki yalikuwa makavu na membamba, kwa kuwa mwenye nyumba huanika kuni zake chini ya ukingo wa paa kwa msimu mzima kabla ya kuzitumia. Tuliweka wavu wa waya chini ya kofia, matundu yake yakiwa makubwa ya kutosha yasizibwe na masizi, tukaondoka.

11 Oktoba 2025: Kukagua tena, Mikindani

Jaribio la moshi limerudiwa na nyuma ya kabati hapakutoka kitu. Kifaa cha kutambua kaboni monoksaidi, kilichoagizwa Dar es Salaam kwa shilingi 70,000, kiliwekwa chumba cha juu wakati tanuri likiwaka asubuhi nzima, na kilibaki sifuri. Bibi ameanza kuoka nyumbani tena. Kuni za mikorosho sasa hupasuliwa na kupangwa baraza ya nyuma, zile za mwaka huu kwa ajili ya mwaka ujao.

Kasoro imejitokeza juu. Kofia ya bati iliyotengenezwa kwa shilingi 25,000 imeanza kutoboka kwenye mikunjo katika muda mfupi, kwa sababu chumvi ya hewani na asidi iliyomo katika masizi huishambulia kutoka pande zote mbili. Kofia ya chuma kisichoshika kutu imeagizwa kwa shilingi 85,000. Nawashauri walio pwani wasianze na ya bati.

8 Novemba 2025: Kabla ya mvua

Kofia mpya imefungwa Mikindani na ukingo wake umezibwa. Jumla ya gharama za nyumba hiyo, pamoja na mwashi, hasara ya saruji na kofia ya pili, imefika shilingi 546,000. Nyumba ya mjini imegharimu shilingi 96,000 na ya Newala shilingi 40,000. Tofauti kubwa kati ya ya kwanza na ya mwisho haitokani na umri wa nyumba. Inatokana na kuni zilizokauka na moto mmoja ambao haukutambuliwa.

Kila mwenye nyumba ameachiwa karatasi yenye tarehe ya ukaguzi, unene wa masizi uliopimwa, kasoro zilizorekebishwa na namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, pamoja na maelekezo kwamba ukuta ukivuma moto wa tanuri unyimwe hewa kwa kufunga mdomo, watu watoke, na maji yasimwagwe ndani ya dohani yenye moto kwa sababu mvuke na kupoa kwa ghafla huipasua. Ukaguzi peke yake nitautoza shilingi 15,000 kuanzia sasa, na kusafisha shilingi 25,000 kwa dohani ya ghorofa moja. Milango ya masizi itafunguliwa tena mvua zikiisha, mwezi wa Mei, na vipimo vyake vitaongezwa hapa.